Waya Ulifika Mlangoni, Chungu Kikabaki Juu ya Makaa

Jua linapotua nyuma ya kilima cha Rubaga, moshi mwembamba huanza kupanda katika kila mtaa wa Kampala. Huonekana Kisenyi na Katwe, Bwaise na Kamwokya. Huonekana vile vile katika kambi za polisi za Naguru na Nsambya, ambako kina mama hukaa mbele ya milango yao wakipepea jiko la makaa, au sigiri kama liitwavyo mjini humo, kwa kipande cha boksi. Juu ya vichwa vyao zimepita nyaya za umeme. Taa inawaka ndani, redio inaimba, simu inachajiwa. Lakini chungu cha maharage kimekaa juu ya makaa, kama kilivyokaa siku za bibi zao.

Hilo ndilo fumbo la moto wa nyumbani nchini Uganda. Mto Naili umefungwa kwa mabwawa makubwa, na tangu lile la Karuma lenye megawati 600 lizinduliwe mwaka 2024, uwezo wa mitambo yote ya nchi umepita megawati 2,000. Hata hivyo takriban kaya tisa katika kila kumi bado hupika kwa kuni au makaa. Wako wanaosema kwamba kina mama wanashikilia mila, au kwamba chakula cha umeme hakina ladha. Maneno hayo ni mepesi mno. Mtu anayetazama historia ataona jambo jingine: kwa miaka zaidi ya sabini msaada wa serikali umefuata waya, wala haukufuata chungu.

BWAWA LILILOJENGWA KWA AJILI YA VIWANDA

Habari hii yaanzia Jinja. Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, alifika mahali ambapo Naili inatoka ziwani, akastaajabu kuona nguvu nyingi za maji zikipotea bure. Ndoto hiyo ilingoja miaka arobaini. Wakati huo umeme wa Kampala na Entebbe ulikuwa ukitolewa na kampuni ya East African Power and Lighting, na waliounganishwa walikuwa maofisi, hoteli, maduka na nyumba za wakubwa.

Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake alitoa taarifa yake juu ya umeme wa Uganda, na mwaka uliofuata ikaundwa Bodi ya Umeme ya Uganda, iliyojulikana kwa herufi zake UEB. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Lilikusudiwa kuwa na mashine kumi zenye jumla ya megawati 150.

Lakini bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya nani? Lilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha nguo cha Jinja, kwa ajili ya tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, na kwa ajili ya kuuzwa nje. Kwa mapatano ya mwaka 1955 Uganda ilikubali kuipatia Kenya megawati 30 kwa muda wa miaka hamsini, na mwaka 1958 umeme huo ukaanza kuvuka mpaka. Hivyo umeme wa Jinja ulifika Nairobi kabla haujafika katika vyumba vingi vya Kisenyi, mwendo wa dakika chache kutoka katikati ya Kampala.

Sababu nyingine ilikuwa mipaka ya mji wenyewe. Kibuga cha Mengo, walikoishi Waafrika wengi, kilikuwa chini ya serikali ya Buganda na nje ya manispaa ya Kampala. Barabara za lami, mabomba ya maji na nguzo za umeme zilifuata mipaka hiyo. Serikali ilijenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika huko Nakawa na Naguru, nalo lilikuwa jambo jema. Lakini mshahara wa karani mdogo, askari au mpagazi haukutosha kununua jiko la umeme, sembuse kulipia moto wake. Taa moja ilitosha kuitwa maendeleo. Jikoni kukaachwa mikononi mwa wauza kuni na makaa.

MIAKA YA DHIKI

Mwezi Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku tisini za kuondoka nchini. Biashara ya jumla ikavunjika, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Bidhaa ambazo kila nyumba huzihitaji, yaani sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, zikawa adimu. Neno magendo likaingia katika kila mazungumzo. Katika miaka hiyo kibatari, ambacho Kampala hukiita tadoba, kilikuwa mali: kopo dogo la bati, utambi wa pamba, na vijiko vichache vya mafuta vilivyopimwa kama dawa. Mtoto alisoma haraka kabla utambi haujakauka.

Huko Jinja mashine zilikosa vipuri na mafundi. Baada ya vita vya mwaka 1979 hali haikutengemaa upesi, na katika miaka ya themanini kukatika kwa umeme lilikuwa jambo la kawaida. Wenye majiko ya umeme, ambao hawakuwa wengi, walirudi kwenye sigiri. Hapo pana funzo ambalo halikusahauliwa majumbani: waya waweza kukusaliti, makaa hayakusaliti maadamu unazo senti za kuyanunua. Mama wa Kampala anayeweka sigiri yake karibu na jiko la gesi leo hafanyi hivyo kwa ujinga. Anakumbuka, au alisimuliwa na mama yake.

Baada ya mwaka 1986 serikali ilitumia Kamati za Upinzani za mitaa, zilizoitwa RC, kugawa sukari, chumvi na sabuni kwa bei nafuu, mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na biashara ilipofunguliwa uliachwa. Lakini ulikuwa na sifa moja ya kukumbukwa: ulihesabu watu waliomo ndani ya nyumba. Mipango ya umeme iliyofuata ilihesabu kitu kingine.

KUTOKA BODI HADI KAMPUNI

Mashine za Owen Falls zilikarabatiwa hadi megawati 180, na mwaka 2000 kituo cha pili cha Kiira kikaanza kazi. Pamoja na hayo, UEB ilipovunjwa mwaka 2001 kufuatana na Sheria ya Umeme ya 1999, ni karibu kaya moja tu katika kila ishirini nchini iliyokuwa na umeme. Kazi zake ziligawiwa makampuni matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kugawa. Tarehe 1 Machi 2005 ugawaji ukakabidhiwa kampuni binafsi iliyoitwa Umeme, kwa mkataba wa miaka ishirini. Mkataba huo ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikarejea kwa kampuni ya serikali, UEDCL.

Kampuni hiyo binafsi ilianza katika wakati mbaya. Ukame ulipunguza maji ya Ziwa Viktoria, na mwaka 2006 mitaa mingi ya Kampala ilipata umeme siku moja na kuukosa siku ya pili. Majenereta ya dizeli yakakodishwa, na serikali ikajitwika sehemu kubwa ya gharama zake ili bei isipande mno. Huo ulikuwa msaada kwa wananchi, lakini ulitolewa kwa kila yuniti iliyotumiwa. Aliyetumia yuniti nyingi, mwenye friji, pasi na mashine ya kuchemshia maji, alisaidiwa sana. Aliyekuwa na taa mbili alisaidiwa kidogo. Asiye na waya hakusaidiwa kabisa, ingawa kodi aliyolipa katika sabuni na sukari yake iliingia katika hazina ile ile.

Mwezi Januari 2012 serikali iliondoa ruzuku hiyo. Bei ya yuniti moja kwa nyumba za watu ikaruka kutoka karibu shilingi 386 hadi karibu shilingi 525. Wakati huo huo mita za kulipia kabla, zilizopewa jina la Yaka, zilikuwa zimeanza kuenea. Ni kweli kwamba Yaka iliondoa ugomvi wa bili za kukisia. Lakini pia ilileta giza la aina mpya, giza lisilotangazwa wala kuandikwa popote. Fedha zikiisha, taa huzima kimya kimya, na hakuna mtu wa kampuni anayekuja kukata waya. Mwenye nyumba anajikatia mwenyewe.

HESABU YA YUNITI KUMI NA TANO

Hata hivyo serikali haikuwaacha wanyonge bila chochote. Iliweka bei ya huruma kwa yuniti 15 za kwanza za kila mwezi. Tangu mwanzo wa mwaka 2022 bei hiyo ilikuwa shilingi 250 kwa yuniti. Ikaongezwa bei ya kupikia ya shilingi 412 kwa yuniti za 81 hadi 150, ili watu waache makaa. Makusudi yalikuwa mema. Msomaji na achukue kalamu, aone jinsi yalivyofika nyumbani.

Katika mitaa ya Kampala watu wengi hupanga chumba kimoja kimoja katika safu za vyumba ziitwazo mizigo. Safu yenye vyumba kumi mara nyingi ina mita moja tu, nayo ni ya mwenye nyumba. Yuniti 15 za bei nafuu zikigawanywa kwa vyumba kumi, kila chumba kinapata yuniti moja na nusu kwa mwezi mzima. Yuniti zote zinazobaki hununuliwa kwa bei kamili, na wapangaji hulipa kwa mkupuo kama mwenye nyumba anavyoamua. Kwa upande mwingine, bwana mmoja anayeishi peke yake katika nyumba ya Kololo yenye mita yake hupata yuniti 15 zote. Katika kambi ambako mita moja hutumikia milango mingi, hesabu ni ile ile. Msaada uliokusudiwa kwa fukara umehesabu mita, haukuhesabu watu.

Bei ya kupikia nayo ina mlango wake. Ili familia iifikie, sharti kwanza imalize yuniti 80. Yuniti 15 kwa shilingi 250 ni shilingi 3,750. Yuniti 65 zinazofuata, hata zikihesabiwa kwa shilingi 700 tu, nazo zilipata kuzidi 800, ni shilingi 45,500. Jumla ni shilingi 49,250 kabla ya kodi, na kabla ya kuonja ile nafuu ya kupikia. Konstebo mwenye watoto watatu, anayetumia yuniti thelathini kwa mwezi, hafiki kamwe kwenye mlango huo. Anayeufikia ni yule ambaye tayari alikuwa na uwezo.

Sera ya kuunganishia watu umeme bure, iliyotangazwa mwaka 2018, ilikuwa na nia ya kuunganisha wateja wapya 300,000 kila mwaka na kufikia asilimia 60 ya wananchi ifikapo mwaka 2027. Wengi walinufaika, kisha fedha zikapungua na maombi yakarundikana. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 638 ili kazi iendelee. Waya bado unahitajika, hilo halina ubishi. Lakini waya pekee haujapata kuivisha matoke.

MAKAA NAYO YANA BEI YAKE

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa makaa methali hiyo imegeuka. Mwenye fedha hununua gunia zima na kuliweka stoo. Asiye nazo hununua kavera moja asubuhi na moja jioni, na akijumlisha mwisho wa mwezi huona kwamba amelipa zaidi kuliko mwenye gunia, kwa makaa yale yale. Umaskini una ada yake, na ada hiyo hulipwa kila siku jikoni.

Bei nyingine hulipwa mbali na Kampala. Katika tanuri la udongo la kienyeji, magogo ya kilo mia moja hutoa makaa kilo kumi hadi ishirini tu. Yaliyobaki hupotea kwa moshi na joto. Miti ya Nakasongola na Luwero ilipopungua, malori yalipanda kaskazini hadi nchi ya Acholi. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya biashara ya makaa katika wilaya za kaskazini. Askari na polisi ndio waliosimamishwa vizuizini kuzuia malori hayo. Kisha, baada ya zamu, askari huyo huyo hurudi kwake na kukuta chakula chake kikiiva juu ya makaa, kwa kuwa mkewe hana moto mwingine wa bei anayoiweza. Amri inaweza kulinda mti kwa muda, lakini mti utalindwa kwa kudumu siku mpishi atakapopata njia nyingine.

Bei ya tatu hulipwa kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majikoni iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Idadi hiyo inapita ile ya vita vingi ambavyo askari husomeshwa habari zake.

MAJIRANI NA NCHI ZA MBALI

Uganda haiko peke yake. Nchini Tanzania kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa mno mwaka 2011, na Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Katika nchi zote mbili shabaha ilikuwa kukomesha wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli. Injini zilipata mlinzi, na mwenye kibatari akalipa mshahara wa mlinzi huyo. Baadaye Tanzania iligeukia jikoni kwenyewe: katika mwaka 2024 ilitoa mkakati wa miaka kumi unaotaka watu wanane katika kila kumi wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Uhindi ilianza mwaka 2016 kuwapa kina mama maskini mitungi ya gesi bila malipo ya kuunganishwa. Mamilioni waliipata, lakini wengi walishindwa kuijaza tena kwa sababu ya bei, wakarudi kwenye kuni. Uingereza, ambako adui ni baridi, msomi Brenda Boardman alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991 kwamba nyumba inayolazimika kutumia zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mapato yake ili kupata joto la kutosha inahesabiwa kuwa na ufukara wa nishati. Kipimo hicho hakikuuliza kama nyumba ina waya, kwani karibu kila nyumba huko inao. Kiliuliza moto wa nyumba hiyo unakula kiasi gani cha mshahara.

Kipimo hicho kingefaa sana Kampala. Mtu akiulizwa kama ana umeme, atajibu ndiyo, naye atahesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa. Akiulizwa makaa, mafuta ya taa, gesi na Yaka vinakula shilingi ngapi katika kila elfu kumi anazopata, jibu litakuwa jingine, na serikali itajua nani hasa wa kusaidiwa.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI

Wakati sera inangojewa, chakula hakingoji. Yako mambo ambayo familia ya askari yaweza kuyafanya.

Kwanza, baba na mama waandike kwa mwezi mmoja kila senti inayotumika kwa moto. Nyumba nyingi zitashangaa.

Pili, maharage na yalowekwe tangu usiku, chungu kifunikwe, na makaa yazimwe mara chakula kinapoiva ili yatumike kesho.

Tatu, jiko lenye ukuta wa udongo wa kuchomwa, la namna iliyoenea Kenya katika miaka ya themanini na ambayo mafundi wa Kampala nao huitengeneza, huokoa theluthi moja hadi nusu ya makaa yanayoliwa na jiko la bati tupu. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini hujilipa.

Nne, kwa mwenye mita yake mwenyewe, jiko la umeme la presha huivisha chungu cha maharage kwa yuniti isiyotimia moja. Mama na alinganishe gharama hiyo na makaa yanayoivisha chungu hicho hicho, kisha aamue. Kikwazo ni bei ya kulinunua, na hapo ndipo vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vinapoweza kufaa kwa mkopo mdogo kuliko ule wa pikipiki.

La mwisho ni la uhai wenyewe. Usiku wa mvua, hasa katika vibanda vya bati na vyumba vyenye dirisha moja, wako wanaoingiza sigiri ndani ili watoto wapate joto. Makaa yanayoonekana mekundu bila moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huanza kuumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke. Sigiri isilale kamwe chumba kimoja na watu, hata ikidhaniwa kuwa imezimika.

Askari hufundishwa kwamba kabla ya kuhesabu silaha za adui, ahesabu maji na chakula cha kikosi chake. Busara hiyo yafaa pia wale wanaopanga bei za umeme na mipango ya huruma. Nguzo zimehesabiwa tangu mwaka 1954, na mita zimehesabiwa. Sasa inafaa mtu mwenye daftari apite jioni Naguru, Bwaise na Kisenyi, asimame mbele ya kila mlango, na ahesabu vyungu.